Somo la Wanachama: Namna ya Kumpata Muuzaji wa Vipimo Visivyo na Waya

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano mkuu mlikubali kwamba chama kitenge fedha za kujaribu vipimo vya kisasa, vile vinavyopima joto na unyevu ghalani na vitaluni, na kupeleka habari kwa njia ya hewa bila ya waya. Tangu siku ile barua zimekuwa zikiingia ofisini, na swali karibu ni lile lile: vyombo hivyo vyanunuliwa wapi, na muuzaji wa kweli atajulikanaje? Somo la mwezi huu ni jibu la swali hilo. Lisomwe katika kila tawi, na asiyejua kusoma asomewe, maana fedha zitakazotumika ni zake pia.

1. Chombo chenyewe ni kitu gani

Kila mkulima ajua kwamba karafuu mbichi ikianikwa vema hukauka kwa jua la siku nne au tano, na uzito wake hushuka hata ikabaki kama theluthi tu. Ajua pia kuwa karafuu iliyorundikwa ingali na maji hupata moto usiku, huchacha, hutoka nyeupe yenye mikunjo, na daraja yake huanguka inapofikishwa kituo cha ZSTC. Masoko ya nje hutaka karafuu ambayo unyevu wake hauzidi kiasi cha 12 kwa 100. Mzee aliyezoea huijua karafuu kavu kwa kuivunja kwa vidole. Lakini mzee mmoja hawezi kukesha katika maghala kumi usiku mmoja.

Hapo ndipo kipimo hiki kinapofaa. Kina sehemu nne. Ya kwanza ni kihisi, yaani kile kinachoonja joto au unyevu. Mafundi wa Dar es Salaam hukiita "sensa". Sisi tukiite kihisi, watu wasije wakadhani tunahesabu kaya. Ya pili ni bodi, ambayo ndiyo akili ya chombo. Ya tatu ni redio ndogo na antena yake. Ya nne ni betri, aghalabu pamoja na paneli ndogo ya sola. Vipimo vingi hupeleka habari kwa kituo mama kimoja, nacho huzituma kwa laini ya simu mpaka kwa karani wa tawi. Vyote kwa pamoja huitwa mtandao wa vihisi.

Yafahamike jambo moja mapema. Kihisi cha ghalani hupima unyevu wa hewa, si unyevu wa karafuu yenyewe. Faida yake ni kwamba karafuu kavu ikikaa katika hewa yenye maji huyanywa maji hayo, na chombo chaweza kutuonya kabla mkono haujahisi. Kazi ya kuanika, kupindua na kuanua majamvi inabaki yetu.

2. Kwa nini tunaanzia Tegeta

Baadhi yenu mmeuliza kwa nini majaribio yafanyike Tegeta, ng'ambo ya bahari, na si hapa kisiwani. Swali ni zuri. Tegeta ni upande wa Kinondoni, kwenye Barabara ya Bagamoyo, na huko wapo vijana wa kwetu wenye karakana ya kutengeneza simu na redio ambao wamekubali kutupa meza na mikono yao.

Sababu ya kwanza ni ukaribu wa maduka. Mtu wa Tegeta akivunja antena asubuhi, hupanda daladala akaenda Kariakoo na kurudi nayo siku hiyo hiyo. Kisiwani, antena hiyo hiyo hungoja meli, na wakati mwingine hungoja mtu wa kuibeba. Chombo kinapojaribiwa huharibika mara nyingi, na ndiyo maana ya kukijaribu. Basi heri kiharibikie karibu na duka.

Sababu ya pili ni hewa ya pale. Bahari iko jirani, na upo kiwanda cha saruji cha Wazo kilichoanza kazi mwaka 1966. Chumvi na vumbi ni maadui wawili wa vyombo hivi. Kisanduku kitakachostahimili miezi miwili juu ya paa la Tegeta kitakuwa kimekwisha kuonja sehemu ya taabu inayokingoja kwetu.

Sababu ya tatu ni kilima cha Wazo. Kutoka mahali palipoinuka mtu huweza kujaribu redio ifike mbali kiasi gani pasipo kizuizi.

Walakini Tegeta si shamba. Nyumba zake ni nyingi, na kila nyumba ina simu na intaneti ya hewani, ambayo aghalabu hutumia masafa ya megahezi 2,400 na kitu. Redio ya masafa hayo hupata msongamano huko ambao haupo shambani. Shambani nako kuna kizuizi ambacho Tegeta haina: mikarafuu yenye majani mwaka mzima, tena yaliyolowa. Majani mabichi hunywa mawimbi ya redio, na masafa ya juu hunywewa zaidi kuliko ya chini. Kwa hiyo Tegeta itatuambia kama chombo ni kizima, na shamba ndilo litakalotuambia kama kinatufaa.

3. Yaliyowapata wengine

Kabla ya kutaja wauzaji, tutazame waliotangulia, maana kosa la mwenzio ni somo la bure.

Mwaka 2002 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na wenzao, walitega vipimo 32 katika kisiwa kidogo kiitwacho Great Duck Island, pwani ya Maine, Marekani. Walitaka kujua hali ya viota vya ndege wa baharini wanaotaga ndani ya mashimo, pasipo kuwasumbua ndege hao. Kazi ilileta maarifa mengi, lakini vihisi vya unyevu vikaingia maji, na vipimo kadhaa vikafa mapema. Nacho kisiwa kile hakina masika kama yetu.

Vipimo vya namna ile viliitwa "mote", na kampuni ya Crossbow ya Marekani ikawa muuzaji wake mkubwa. Vyuo vingi duniani vikajenga kazi zao juu ya mote hizo. Kisha biashara hiyo ikahamia kampuni nyingine, MEMSIC, na baadaye ikafifia. Waliokuwa wamejifunga kwa chombo cha muuzaji mmoja wakabaki na vyombo visivyokuwa na ndugu.

Karibu na kwetu uko mfano mwingine. Kuanzia mwaka 2013 Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ambayo wengi huijua kwa jina la DIT, ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Makerere cha Uganda, Chuo Kikuu cha Juba cha Sudan Kusini na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norwe katika mradi ulioitwa WIMEA-ICT. Katika kazi zao walibuni kituo cha hali ya hewa kwa gharama nafuu. Kipimo kimoja hukaa juu ya mlingoti kupima upepo. Kingine hukaa kimo cha mita 2 kupima joto na unyevu. Kingine hukaa chini kwa mvua na udongo. Na vyote huzungumza bila waya na kituo mama. Hawakutoa kituo kimoja wakakiita kimekwisha. Walitengeneza, wakajaribu, wakarekebisha, wakatengeneza tena. Nasi twapaswa kununua kwa moyo huo: vichache kwanza, na kwa muuzaji atakayekuwapo tutakaporudi.

Hapa petu pia yametokea. Tawi letu moja lilinunua vipimo kumi na viwili kwa muuzaji mmoja, ambaye jina lake tuliache. Masika yalipokwisha, vitano vilikuwa vimekufa. Walipotaka vitano vingine wakaambiwa aina ile haiji tena, na aina mpya haikuweza kuzungumza na kituo mama cha zamani. Hata vile saba vilivyo hai sasa vimefungiwa kabatini. Ilikuwa fedha ya wanachama waliochuma na kuanika.

4. Aina tano za wauzaji

(a) Kariakoo. Faida yake ni kwamba kitu hukiona na kukishika, na bei huzungumzwa. Kwa betri, visanduku, nyaya, lehemu, mabomba ya plastiki na paneli ndogo za sola, Kariakoo inatutosha. Kasoro ni kuwa soko hilo khasa ni la simu na redio. Bodi iliyokuwapo mwezi huu huenda isiwepo mwezi ujao, na mbili zilizoandikwa jina moja juu huenda ndani zina chipu mbalimbali. Yapo pia maduka madogo yanayowauzia wanafunzi wa ufundi bodi za Arduino na ESP32, na hayo ni mahali pazuri pa kuanzia.

(b) Nairobi. Mtaa wa Luthuli ni maarufu kwa vyombo vya umeme, na mji ule una wauzaji wa bodi na vihisi kwa wabunifu. Basi la kupitia Namanga hufika. Hesabu nauli na ushuru wa mpakani kabla ya kufurahia bei.

(c) Makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani, kama DigiKey na Mouser za Marekani, na Farnell na RS za Uingereza. Hawa huuza hata kipande kimoja, hupata mali yao kwa watengenezaji wenyewe, na kila kitu kina karatasi ya sifa zake. Kwa vihisi ndio wa kutegemewa. Lakini gharama ya kusafirisha kipande kimoja yaweza kuzidi bei ya kipande chenyewe. Kwa hiyo matawi yakusanye mahitaji, yaagizwe kwa mara moja.

(d) Shenzhen, China. Soko la Huaqiangbei ni kama bahari ya vyombo hivi, na ESP32 yenyewe ni kazi ya kampuni ya Espressif ya Shanghai, iliyoitoa mwaka 2016. Bei ni ndogo. Hasara ni muda mrefu wa kungoja, na ugumu wa kumrudishia mtu kitu kibovu akiwa ng'ambo ya dunia. Kwa agizo la kwanza wanunuliwe wale tu wanaouza bidhaa za mtengenezaji anayejulikana kwa jina.

(e) Watengenezaji wa vyombo vilivyokwisha kufungwa, kama Libelium ya Zaragoza, Hispania, iliyoanzishwa mwaka 2006. Hiki ni chombo kamili, kisanduku chake hakiingizi maji, na vitabu vya maelezo vipo. Bei yake ni kubwa, na mnunuzi hujifunga kwa mlango mmoja. Kwa majaribio chafaa kununuliwa kimoja, kiwe kigezo cha kulinganishia vyetu.

Ushauri wa kamati ni kuchanganya. Bodi na redio ziwe za aina inayouzwa na watu wengi. Kwa redio, kamati inaelekea kwenye ile iitwayo LoRa, iliyobuniwa Ufaransa na kampuni ya Cycleo, ambayo Semtech ya Marekani iliinunua mwaka 2012. Hupeleka maneno machache, lakini huyapeleka mbali na kwa betri ndogo, nasi maneno yetu ni machache: joto, unyevu, basi. Tena bodi zenye redio hiyo hutengenezwa na wengi, hivyo duka moja likifunga, jingine lipo. Vihisi vitoke kwa kampuni kubwa. Betri na visanduku vitoke Kariakoo, khasa kwa kuwa betri za lithiamu zina masharti magumu ya kusafirishwa kwa ndege.

5. Maswali ya kumwuliza muuzaji

Mjumbe wa tawi asitoe fedha kabla ya kupata majibu haya, na majibu yaandikwe:

Kwanza: Namba kamili ya chipu na kihisi ni ipi? Jina la juu ya kisanduku halitoshi.

Pili: Ipo karatasi ya sifa kutoka kwa mtengenezaji?

Tatu: Nikirudi baada ya miezi sita nitapata kipande kilicho sawa na hiki? Na kama wewe huna, nani mwingine anacho?

Nne: Redio hii ni ya masafa gani? Redio za LoRa huuzwa za megahezi 433, 868 na 915, na ya aina moja haisikilizani na ya aina nyingine.

Tano: Kikifa, nani atakirudisha, kwa gharama ya nani, na ndani ya siku ngapi?

Sita: Programu yake naweza kuibadili mwenyewe, au imefungwa?

Muuzaji anayekasirikia maswali haya amekwisha kujibu. Na kila manunuzi yawe na risiti yenye namba za vyombo. Bila risiti mweka hazina hatalipa.

6. Majaribio ya Tegeta

Hata muuzaji mwema huuziwa bandia naye asijue. Kihisi cha joto kiitwacho DS18B20, kwa mfano, kimeigwa sana duniani. Basi kila kipande kipite majaribio matano, na hayahitaji maabara.

Jaribio la barafu. Twanga barafu, changanya na maji safi kidogo katika chupa ya chai, ingiza kihisi kilichofungwa kisiingie maji, koroga, ngoja. Kinapaswa kusoma 0. Mtengenezaji wa DS18B20 anaruhusu kosa la nusu digrii. Kikisoma 2, kirudishwe.

Jaribio la chumvi. Chukua chumvi ya mezani, itie maji kidogo iwe kama matope, iweke katika kikombe kidogo ndani ya gudulia lenye kifuniko kinachobana. Kihisi cha unyevu kining'inie juu yake pasipo kugusa chumvi. Kiache usiku kucha mahali ambapo joto halibadiliki. Hewa ya ndani itasimama karibu na unyevu wa 75 kwa 100. Kisichosoma karibu na hapo hakifai ghalani kwetu.

Jaribio la ujirani. Vipimo vyote vikae sanduku moja kwa siku saba. Vinavyokaa pamoja na vipime pamoja. Kile kinachopingana na wenzake siku zote kinajulikana.

Jaribio la betri. Betri ya lithiamu ya namna ya 18650 iliyo nzuri hubeba kiasi cha miliampia-saa 3,500 hivi. Ukiona imeandikwa 9,900, ujue maandishi hayo ni ya mwenye duka, si ya betri. Ijazwe, itumike mpaka iishe, na muda uandikwe.

Jaribio la umbali. Kituo mama kibaki karakanani. Fundi atembee na kipimo, asimame kila baada ya mita 200, na kila kituo kitumwe habari 100. Ziandikwe ngapi zimefika. Kisha jaribio lirudiwe kisiwani chini ya mikarafuu, mara moja wakati wa kiangazi na mara moja baada ya mvua.

Daftari la majaribio litakuwa wazi kwa kila mwanachama, na namba ya kila kipande itaandikwa pamoja na jina la aliyekiuza. Kwa njia hiyo tutamjua muuzaji kwa mali yake, na ulimi wake hautatudanganya.

7. Upande wa sheria

Chombo kinachotoa mawimbi ya redio ni mali ya mnunuzi, lakini hewa si mali yake. Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA, ndiyo yenye kusema masafa gani yanaruhusiwa na chombo gani kimeidhinishwa. Ofisi itapeleka namba za redio tunazozikusudia kabla ya kuagiza. Chombo kilichofanywa kwa masafa ya Marekani kisichukuliwe kwa sababu tu ni rahisi. Kwa mali inayotoka nje yapo pia mambo ya viwango, TBS kwa Tanzania Bara na ZBS kwa Zanzibar, pamoja na ushuru. Na tawi litakalotaka kupima mvua na upepo lisianze mpaka limeuliza Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo hufanya kazi kwa sheria ya mwaka 2019.

8. Linalotakiwa kwa kila tawi

Kamati imeazimia kununua vipimo sita tu kwa mwanzo, pamoja na kituo mama kimoja. Vinne vitakuwa vyetu vya kuunganisha, na viwili vitakaa akiba bila kuguswa. Baada ya Tegeta vitaingia maghala mawili kabla ya msimu kuanza, na matokeo yatasomwa mbele yenu kabla ya senti nyingine kutolewa.

Kila tawi lilete ofisini mambo matatu: ghala gani linalovuja au kuchelewa kukauka zaidi, kama simu hushika mtandao hapo ghalani, na jina la kijana mmoja wa kike au wa kiume atakayekwenda Tegeta kwa wiki mbili kujifunza kufungua, kupima na kulehemu. Nauli ya meli italipwa na chama. Tawi ambalo halina mtu wa kukitengeneza chombo halitapewa chombo, hata liwe na ghala kubwa namna gani.

Majibu yaletwe kwa maandishi, yakiwa na sahihi ya mwenyekiti wa tawi, kabla ya mkutano ujao wa kamati.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wa Chama